MASHINE HAZIFI KWA UZEE, ZINAUAWA KWA UZEMBE

Ukurasa huu usomwe mpaka chini. Mwenye macho mazuri amsomee mwenzake, na mabaharia wanaorudi alfajiri wasomewe kabla hawajaenda kulala, maana yaliyomo yanawahusu wao kwanza.

Kwenye mkutano mkuu ujao litaletwa pendekezo. Linasema ushirika uuze mashine zake tatu za kupachika, mbili za nguvu za farasi 40 na moja ya 15, zote tustroki, yaani za mipigo miwili. Ziende kwa bei ya chuma chakavu. Badala yake tuchukue mashine mpya za mipigo minne, fostroki, kwa mkopo wa tajiri mmoja mnunuzi wa samaki. Wenye pendekezo wana maneno matamu: eti mashine zetu ni vizee, zinakunywa petroli, zinatoa moshi, zinazima baharini, zama zake zimepita.

Sisi wa kamati ya mitambo tunasema HAPANA. Hapana yetu inakuja na hesabu yake na spana yake.

1. MKOPO HUU NI MRIJA

Tuanze na fedha, maana ndiko mtego uliko. Karatasi ya tajiri tumeisoma mstari kwa mstari. Inasema mashine ni mali yake mpaka deni liishe. Inasema samaki wote wa boti zenye mashine hizo wauzwe kwake tu, kwa bei iliyo chini ya bei ya mnada kwa shilingi 1,000 kila kilo. Halafu, chini kabisa, pale ambapo wengi wetu tumeshachoka kusoma, inasema hiyo 1,000 haihesabiwi kwenye deni. Deni linalipwa pembeni, kila mwezi.

Sasa tupige hesabu ya kijijini, ile ya vidole. Boti ikileta kilo 40 kwa siku, na ikitoka siku 20 kwa mwezi, hizo ni kilo 800. Mara 1,000 ni shilingi 800,000. Boti moja, mwezi mmoja. Kwa mwaka ni 9,600,000. Na deni bado liko palepale, halijaguswa hata senti!

Ndugu zetu, huo ni mkopo au ni kupe? Mvuvi anakesha, anapigwa na mawimbi, anavuta nyavu mpaka viganja vinachanika, halafu mtu aliyelala kitandani ananyonya shilingi 1,000 kwenye kila kilo kwa sababu tu tulishindwa kuiosha mashine yetu kwa maji baridi. Tutafika huko kwenye maji baridi.

Na mashine mpya ikizima? Karatasi haisemi kitu. Itakuwa imezima, na deni linaendelea kunguruma.

2. MASHINE YETU INAFANYAJE KAZI

Wengi wanaozitukana tustroki hawajawahi kuifungua hata moja. Basi tueleze kwa ufupi.

Katika mashine ya mipigo miwili, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha: imevuta, imebana, imewaka, imetoa. Haina valvu, haina kemshafti, haina sampu ya oili. Petroli na hewa hupita kwanza chini, kwenye nyumba ya krenkshafti, ndipo hupanda kwenye silinda kupitia matundu ya ubavuni. Kwa hiyo beringi, pistoni na ukuta wa silinda havina oili nyingine duniani isipokuwa ile uliyoichanganya kwenye petroli. Ukisahau oili, umeisahau mashine. Ukiikadiria kwa jicho, umeikadiria na roho ya mashine.

Urahisi huo ndio nguvu yake. Vyuma vichache, uzito mdogo, inafunguliwa ufukweni juu ya turubai kwa spana chache na bisibisi. Kijana mwenye akili akifundishwa vizuri anaijua ndani na nje.

Ubaya wake nao tuuseme, hatufichi. Wakati petroli mbichi inaingia kwenye silinda, tundu la moshi bado liko wazi, na sehemu ya mafuta inatoroka bila kuungua. Kwa mashine za kabureta kiasi kinachopotea kinaweza kufika robo au hata zaidi ya robo ya petroli yote. Ndiyo maana Marekani ilitunga kanuni mwaka 1996 zilizobana mashine mpya hatua kwa hatua kuanzia 1998 mpaka 2006, na Ulaya ikabana kuanzia 2007. Kwa hiyo anayesema fostroki inakula kidogo na inachafua bahari kidogo, anasema kweli. Tunampa haki yake. Lakini ukweli mmoja hauwezi kubeba uongo tisa.

3. UONGO WA "ZAMA ZAKE ZIMEPITA"

Mashine ya kupachika si kitu cha jana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, alitengeneza ya kwake huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Kiwanda chenye jina lake kiliacha kuzitengeneza mwaka 2020. Kiwanda kimesimama, lakini mashine zake nyingi za miaka ya nyuma bado zinasukuma vyombo, kwa sababu wapo watu wanaozitunza. Yamaha walitoa mashine yao ya kwanza ya kupachika mwaka 1960, na hizi Enduro za tustroki tunazozitumia sisi na wavuvi wa pwani nzima bado zinatengenezwa na spea zake zinapatikana. Kizee ambacho bado kinazaliwa kiwandani ni kizee gani hicho?

Mashine haijui ina miaka mingapi. Inajua imepewa oili gani, imeoshwa au haikuoshwa, na nani ameigusa kwa bisibisi. Basi tuwataje wauaji wake.

4. MUUAJI WA KWANZA: KUCHANGANYA KWA JICHO

Mashine zetu zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Si "vifuniko viwili vitatu", si "mimina mpaka rangi ikolee". Chupa ya maji ya nusu lita ipigwe alama ya 400, ifungwe kwa uzi kwenye dumu, basi. Mtoto wa darasa la nne anaweza.

Mashine iliyotoka kufunguliwa na kuwekewa pistoni au ringi mpya, saa 10 za kwanza ipewe 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20, na isikimbizwe. Wapo wazee wenye Seagull za Uingereza za zamani sana, hizo zilitaka hata 10 kwa 1. Kila mashine na kitabu chake. Anayesema "oili ni oili" anyang'anywe dumu.

Oili ikipungua, kila mtu anajua: pistoni inakauka, inakwama, mashine inajamu. Lakini wapo wanaodhani kuzidisha ni kuipenda mashine. Sivyo. Jeti ya kabureta ina tundu lilelile. Oili ikizidi, petroli inayopita pale inapungua, moto unakuwa mkavu. Tena plagi inalowa, masizi yanajaa kichwani na kwenye matundu ya moshi, ringi zinaganda. Kuipenda mashine ni kupima.

Halafu kuna hii tabia ya kutia oili ya gari, ile ya namba 40, au oili ya pikipiki za bodaboda, kwa sababu inauzwa dukani karibu. Oili ya gari imewekewa madini ya kuilinda injini ya gari, nayo haikukusudiwa kuungua. Ikiungua kwenye tustroki inaacha majivu. Majivu yanashika kwenye plagi na kichwani mwa pistoni, yanakuwa kaa la moto, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake. Oili ya mashine za majini ina alama ya TC-W3 kwenye kopo. Isiyo na alama hiyo isiingie stoo ya ushirika, hata ikiletwa bure.

Na petroli yenyewe! Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuifanya mashine igonge. Serikali ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata wachakachuaji, kwa hiyo kituo kina njia ya kukaguliwa. Dumu la njiani halina. Zipo mashine za mafuta ya taa zilizoundwa hivyo kiwandani. Zetu si hizo. Tununue kituoni, tuchukue risiti, tuchuje kwa faneli yenye chujio. Tone la maji ya bahari kwenye kabureta ni boti moja kuelea usiku kucha.

5. MUUAJI WA PILI: CHUMVI

Mashine yetu inajipoza kwa maji ya bahari. Pampu yenye impela ya mpira iko chini, juu ya giaboksi, inavuta maji na kuyapandisha mpaka kwenye silinda, halafu mengine tunayaona yakitoka nyuma kwa kamrija. Tunasema "mashine inakojoa". Nahodha asiyetazama kama mashine inakojoa ni sawa na dereva aliyefumba macho.

Maji yakikauka ndani, chumvi inabaki. Leo kidogo, kesho kidogo, njia zinaziba, silinda inachemka. Dawa yake haina gharama: pipa la lita 200 lililokatwa juu, limejazwa maji baridi ya kisima mpaka yapite tundu la kuvutia, mashine iungurume taratibu dakika 10. Kisha vua mpira wa mafuta, iache iunguze petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka ife yenyewe, ili gundi ya oili isikae kwenye jeti. Kazi imekwisha. Pipa tunalo. Kisima tunacho. Kinachokosekana ni dakika 10 za mtu ambaye ameshatupa nanga na roho yake iko kwenye chai na kitumbua.

Kuwasha mashine nchi kavu "tusikie sauti tu" ni marufuku. Impela bila maji inaungua kwa sekunde chache. Na impela ibadilishwe kila mwaka, hata kama inaonekana nzima, maana mpira unakakamaa.

Giaboksi nayo haisemi mpaka ife. Legeza skrubu ya chini, tazama oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili imekufa. Ukijaza, jaza kwa tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa itoke. Tumekuta mtu anajaza kwa juu, giaboksi nusu hewa, naye anajisifu kwamba ametumia oili kidogo.

Kile kipande cha zinki kilichofungwa chini kiachwe kiliwe na chumvi, ndiyo kazi yake, kinaliwa ili aluminiamu ya mashine isiliwe. Mtu mmoja alikipaka rangi kwa mapenzi ya usafi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Na kila bolti inayorudishwa kwenye aluminiamu ipakwe grisi, la sivyo chuma cha pua na aluminiamu vikikutana kwenye chumvi vinaoana, na ndoa hiyo haivunjwi ila kwa patasi.

Mashine ikianguka baharini, usiipandishe ukaiacha juani huku watu wanajadiliana. Kutu inaanza mara tu hewa inapoipata. Ioshwe kwa maji baridi, plagi zivuliwe, maji yamwagwe kwa kuizungusha kwa mkono, itiwe oili, iwashwe siku hiyohiyo. Kama fundi hayupo, izamishwe kwenye pipa la maji baridi mpaka afike. Ndiyo, izamishwe! Majini kutu inakwenda polepole kuliko hewani.

6. MUUAJI WA TATU, NA HUYU NDIYE MBAYA ZAIDI: FUNDI WA KUCHONGA

Mwaka jana, kusi lilipoanza, boti yetu ya pili ilizima mashine nje ya mwamba. Vijana wetu wanne walilala baharini. Upepo ulikuwa unawasukuma, tanga hakuna, kasia moja. Boti ya kijiji jirani iliwaona asubuhi. Mama zao wanajua usiku ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Tulipoifungua ile mashine tulikuta pistoni ya juu imetoboka katikati, tundu la kupitisha kidole.

Wenye pendekezo wanasema hiyo ndiyo dalili ya uzee. Sisi tunasema tundu lile lilitengenezwa kwa mkono.

Wiki tatu kabla, bila kuletwa kwenye kamati, mashine ilipelekwa kwa fundi mmoja wa mjini "kuongezwa moto". Alifanya mambo matatu. Kwanza alikwangua kichwa cha silinda ili mgandamizo uongezeke. Pili aliweka jeti ndogo ili, kwa maneno yake, petroli ipungue. Tatu alitoa temostati akaitupa. Siku mbili za kwanza mashine ilikuwa kali, watu wakashangilia pwani.

Sasa tazameni kilichotokea ndani. Mgandamizo ukipanda, joto linapanda, na petroli yetu ya kawaida inaanza kulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Huko ndiko kugonga. Jeti ikiwa ndogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu unawaka kwa joto kali. Tena kwenye tustroki petroli ndiyo inabeba oili, kwa hiyo aliyepunguza petroli amepunguza na oili. Moto umeongezwa mara mbili na ulainishaji umepunguzwa, kwenye pistoni moja ya aluminiamu. Ingepona vipi? Plagi ya silinda ile ilikuwa nyeupe kama mfupa. Plagi yenye afya ni ya kahawia. Nyeusi inayolowa maana yake mafuta yamezidi. Nyeupe ni kilio. Mtu angeivua plagi ile siku ya tatu, angeona, na pistoni ingekuwa hai.

Na temostati? Watu wengi huitoa wakidhani mashine inapoa vizuri zaidi. Mashine inayofanya kazi baridi kupita kiasi haiunguzi mafuta vizuri, petroli inabaki kuwa matone, inaosha oili kwenye silinda, masizi yanajaa. Temostati iliwekwa na watu waliopima. Nani kati yetu amepima?

Wapo pia wanaobadili plagi kwa kuangalia uzi tu: "inaingia, basi ni yenyewe." Kwenye plagi za NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, ikiwa ndogo ni ya moto zaidi. Kukosea namba ni kuchonga mashine bila tupa. Wapo wanaotia msumari mahali pa pini ya rafadha kwenye mashine ndogo za zamani. Pini iliwekwa ikatike ukigonga jiwe, ili gia ipone. Msumari wa nchi nne haukatiki. Gia ndiyo inakatika, na umenunua giaboksi kwa bei ya msumari.

Wapo wanaofunga rafadha ya boti ya mbio kwenye boti ya nyavu iliyojaa barafu na watu. Mashine inalemewa kama punda wa mawe, haifiki mizunguko yake ya 4500 mpaka 5500 kwa dakika iliyoandikwa kitabuni, inakula mafuta, inatoa moshi, halafu lawama inapewa tustroki! Boti ya mzigo inataka rafadha yenye mkato mdogo. Badilini rafadha mwone moshi unavyopungua.

Kamati haipingi kila badiliko. Yapo mabadiliko ya akili. Kuweka chujio la kutenga maji kati ya tanki na mashine, hilo ni jema. Kuinua au kushusha ubao wa nyuma mpaka lile bati la juu ya rafadha liwe sawa na tumbo la boti, hilo linaokoa petroli bila kugusa skrubu moja. Kufunga mnyororo kati ya mashine na boti ili vibano vikilegea isizame. Kurudisha kamba ya kuzimia inayofungwa mkononi mwa nahodha, ambayo wengine wameikata kwa sababu "inasumbua". Haya yote ni mabadiliko, na tunayaunga mkono. Jambo la kuuliza kabla ya kuchonga chochote ni moja tu: badiliko hili litamrudisha baharia nyumbani, au litamfurahisha fundi pwani kwa siku mbili?

7. "LAKINI FOSTROKI HAINA MATATIZO HAYO"

Tunasikia. Fostroki haichanganywi oili, kweli. Lakini ina oili yake kwenye sampu ambayo ni lazima ibadilishwe kwa saa zake pamoja na chujio. Tuulizane: hapa kijijini, nani ameandika saa za mashine yoyote tangu tuwe na mashine? Ina valvu za kurekebishwa. Ni nzito zaidi, na nyuma za boti zetu za mbao hazikujengwa kwa uzito huo. Zile za kisasa zenye kompyuta zinataka betri hai na fundi mwenye kifaa cha kuzisomea, na zinachukia petroli chafu kuliko tustroki inavyoichukia. Chumvi je? Chumvi ni ileile. Impela ni ileile. Giaboksi ni ileile.

Kwa hiyo mkono unaoiua tustroki leo utaiua fostroki kesho. Tofauti ni kwamba hii tukiiua ni yetu. Ile tutakuwa tumeiua ikiwa ya tajiri, na tutailipa mpaka wajukuu.

Siku ushirika utakapokuwa na fedha zake taslimu, zilizokaa kwenye daftari letu, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kupendekeza fostroki moja ya kujaribia, kwa ajili ya petroli na kwa ajili ya bahari yetu, maana mafuta yanayotoroka yanaelea palepale wanapozaliana dagaa. Tutaingia tukiwa na tabia ya kutunza, na bila mrija shingoni.

8. TUNACHODAI MKUTANONI

Kwanza, pendekezo la kuuza mashine na kuchukua mkopo likataliwe kwa kura ya mikono, hadharani.

Pili, kuwe na mfuko wa spea. Kila kilo inayouzwa mnadani itoe shilingi 100. Kwa boti ya kilo 800 kwa mwezi ni 80,000, kwa mwaka 960,000. Hiyo ni sehemu ya kumi ya kile ambacho tajiri angekinyonya, na inabaki kwetu. Impela, plagi, sili, oili ya gia na pistoni ya mashine iliyotobolewa vitoke humo.

Tatu, kila mashine iwe na daftari lake: saa ilizofanya kazi, lita zilizotumika, oili iliyotiwa, nani ameiosha, nani ameigusa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, fundi yeyote asiguse mashine ya ushirika bila karatasi ya kamati. Na vijana wawili wachaguliwe, mmoja wa kike akipatikana, wajifunze kazi hii mpaka waimudu. Spea za ile 15 zimekuwa zikiondoka moja moja gizani kwenda kwenye mashine za watu binafsi. Nazo zirudi. Tunazijua zilipo.

Tano, hakuna boti itakayotoka bila plagi za akiba, spana ya plagi, koleo, kamba ya kuvutia, pini, nanga yenye kamba ya kutosha, makasia mawili, tanga hata la kushona kwa turubai, na jaketi okozi kwa kila kichwa. Nahodha atakayekataa abaki nchi kavu aparue samaki.

Ndugu wanachama, boti inayozima nje ya mwamba haiulizi nani alipiga kura upande gani. Hao vijana wanne ni wetu sote. Kina mama wanaokaanga samaki, nanyi mje, msiseme mambo ya mashine ni ya wanaume; bei ya kilo mnaijua kuliko sisi, na shilingi 1,000 ya tajiri itatoka kwenye sufuria zenu kwanza.

Anayepinga hoja zetu aandike yake aibandike hapa pembeni, nafasi tumemwachia. Asiichane hii. Na aje na hesabu.

KUJITEGEMEA KUNAANZA NA DAKIKA KUMI ZA MAJI BARIDI.

Kamati ya Mitambo ya Ushirika